Dozi ya Kilo Kumi na Nne

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uko salama, na kwamba goti la Mzee wako limeacha kumsumbua. Huku sote wazima. Baba anakusalimu, amepata miwani mipya na sasa analalamika kwamba nyumba ina vumbi, kumbe vumbi lilikuwepo siku zote. Mama anasema wifi yake amemsusa, barua zote tatu za mwisho zimeandikwa kwangu. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa udereva, mara ya nne, na mtaa mzima umeshaambiwa.

Mimi nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya seremala. Nilitaka kukupigia nikueleze, lakini simu yenu naijua. Mzee hasikii, kwa hiyo inawekwa sauti ya nje, na jirani wa upande wa pili wa ukuta anaitikia salamu. Afadhali karatasi.

Sasa kazi, maana najua unaruka salamu na kuanzia hapa. Ile programu ya dozi za watoto mnayoitumia kwenye dirisha lako la dawa imepata toleo jipya wiki iliyopita. Inajua sasa kuhesabu miezi ya mtoto kutoka tarehe ya kuzaliwa. Hesabu hiyo sikuiandika mimi. Kikundi kingine hapa ofisini kilikuwa nayo tayari, ndani ya kifurushi chao chenye funksheni kumi na kitu. Funksheni ni kipande cha programu chenye jina lake na kazi moja: unakipa namba, kinakurudishia jibu. Nilichofanya ni kuandika mstari mmoja juu kabisa ya faili langu, unaosema: leta kifurushi kile, chote. Basi, kila kilichokuwa mle kikawa kinaitika kwangu. Kazi ya wiki mbili nikaimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Mkuu wetu tunamwita Bwana Baadaye, kwa sababu ukimwomba jambo lolote hujibu hivyo. Safari hii hakusema baadaye. Alinisifu palepale mbele ya watu, nikaona aibu, na furaha pia, sitakuficha.

Niambie kama toleo jipya limefika kwenu. Wewe ndiye mtumiaji ninayemwogopa kuliko wote.

Mwanao,
Mdadisi


2 Aprili

Mdadisi,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, ila niliiweka kabatini kwanza. Usinune.

Goti la Mzee linapanda na kushuka. Masikio ndiyo hayapandi tena. Jana nimemwambia chai ipo mezani, akaenda kufunga lango. Mwambie mama yako sijamsusa, nitamwandikia, na mwambie baba yako vumbi lake alifute kimyakimya. Mdogo wako nampongeza, lakini asije kunichukua na gari lolote kabla ya mwaka kupita.

Kwenye barua ya Januari uliandika kwamba nimemtangazia kila mtu programu ni yako. Si kweli. Nimemwambia daktari mkuu, manesi wa zamu zote mbili, na mama anayefagia.

Siku hizi niko nyumbani, nimepumzika kidogo. Nimepanga upya makabati ya jikoni, nimeshona mapazia ya chumba cha wageni, nimefua hata makoti ya Mzee yasiyovaliwa tena. Jirani anashangaa kuniona mchana.

Nina swali moja, na nikijibiwa nataka nijibiwe kwa maneno ya watu. Mtu akiandika namba kwenye kile kisanduku cha programu yenu, programu inajuaje kwamba namba hiyo ni uzito, isiwe kitu kingine? Nauliza tu. Usimwambie baba yako, atadhani nimeanza kujifunza kompyuta uzeeni na atanicheka mpaka mwaka uishe.

Kula vizuri. Msumeno wa seremala utauzoea.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umepumzika? Wewe? Miaka ile niliyokaa kwako nikisoma uliwahi kwenda kazini na homa, ukampima joto mgonjwa na wewe mwenyewe ukiwa na joto kuliko yeye. Likizo hii imetoka wapi, na Desemba unastaafu? Mama anasema niache udaku. Nimeacha, lakini nimeuliza.

Huku habari ni nzuri. Binamu yangu, yule mrefu, ameposa. Baba amevunja miwani.

Swali lako nimelifurahia mno. Jibu la kweli ni kwamba programu haijui uzito ni nini, wala umri, wala mtoto. Inajua aina ya namba tu. Kuna namba kamili, kama tano, na kuna namba zenye nukta, kama tano nukta mbili. Kwetu hizo ni aina mbili tofauti kabisa.

Na kuna jambo moja zuri la lugha tunayoandikia. Inakubali funksheni mbili ziwe na jina lilelile, mradi zinapokea vitu vya aina tofauti. Ukiita jina, lugha inakutazama mkononi umeleta nini, halafu inakupeleka kwa anayestahili. Kama wawili wote wanaweza kukupokea, inamchagua yule ambaye kazi yake imebanwa zaidi kwenye kitu ulicholeta. Ni kama hapo kwenu: mwenye jino bovu anaweza kutazamwa na daktari yeyote, lakini siku daktari wa meno akiwepo, anapelekwa kwa wa meno, hata kama yule wa kwanza alikuwa akimtibu miaka yote. Hakuna anayemuuliza mgonjwa. Mambo yanajipanga yenyewe.

Ofisini kuna kazi nyingi. Mwezi uliopita kituo kimoja cha afya kilileta malalamiko kuhusu dozi, lakini tuliyajibu, mtumiaji alikosea. Haya hutokea. Watu wanaandika namba huku wanaongea.

Nijibu ya likizo.

Mdadisi


6 Mei

Mdadisi,

Marahaba. Barua nimeisoma mara nne. Yule daktari wa meno nimemwelewa.

Likizo ni likizo. Mtu wa miaka yangu akikaa kwenye kiti watu wanaanza kuulizana, kana kwamba viti vilinunuliwa kwa ajili ya wageni peke yao. Mpe binamu yako pongezi. Mchumba wake simjui, ila kama amemkubali yule kijana na urefu ule basi ana moyo.

Nimepanda mboga nyuma ya nyumba. Nimezipanda mstari ulionyooka kwa kamba na Mzee amesema zinaonekana kama rafu za dawa. Sikucheka.

Hayo ya malalamiko mliyoyajibu, sawa. Umesema mliyajibu. Sawa.

Usijisumbue tena na swali langu. Vaa sweta asubuhi, kifua chako nakijua.

Shangazi yako

(Karatasi ndogo ndani ya bahasha hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine)

Binti, mimi Mzee. Barua hizi mimi ndiye mpeleka posta, kwa hiyo nimechomeka hii. Shangazi yako amesimamishwa kazi tangu tarehe 12 Machi. Mtoto mmoja alipewa dawa nyingi, akalala karibu siku mbili. Aliamka, ni mzima, mshukuru Mungu. Kamati inakaa tarehe 24 Juni na wanataka kumfuta kwenye daftari la wafamasia, amalize kwa aibu. Ushahidi wao ni barua ya kampuni yenu inayosema programu haina kosa. Ina sahihi yako. Ameificha chini ya godoro akidhani sijaiona. Mimi sisikii, lakini naona.


18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Mzee aliweka karatasi ndani ya barua yako. Usimgombeze. Nimekupigia mara tatu tangu juzi, na mara zote tatu umenieleza mvua, huku Mzee akikohoa nyuma yako. Kwa hiyo naandika.

Sikujua kwamba kituo kile ni chenu. Fomu ilikuwa na namba tu, haina jina la mahali wala la mtu. Bwana Baadaye aliniletea saa saba, nikiwa na chakula mdomoni, akasema wanahitaji jibu la kitaalamu. Niliifungua programu, nikaijaribu kwa uzito wa namna tatu au nne, majibu yote yakawa sahihi. Nikaandika kwamba mtumiaji aliingiza taarifa zisizo sahihi. Nikatia sahihi. Haikuchukua robo saa. Nimekuwa nikiihesabu hiyo robo saa tangu juzi.

Uliiona sahihi yangu ukaniandikia nivae sweta.

Naomba uniambie kitu kimoja, na uniambie kama ulivyokuwa ukiniambia zamani, bila kunihurumia. Siku ile uliandika nini kwenye kisanduku? Namba yenyewe. Inawezekana uliandika kitu kingine? Inawezekana ulichoka?

Mdadisi


1 Juni

Mdadisi,

Marahaba. Mzee nimemgombeza. Amesema hajasikia.

Umeuliza niliandika nini. Niliandika 14.

Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka mitatu, midomo imevimba na mwili umejaa vipele. Mama yake alikuwa amembeba mgongoni tangu asubuhi. Daktari alimwandikia dawa ya maji ya mzio, ile inayoleta usingizi. Nilimpima mwenyewe kwa sababu mizani ya chumba cha daktari haiaminiki. Kilo kumi na nne kamili, mshale umetulia. Nikaandika 14. Sikuchoka, sikuongea na mtu, na sikukosea kidole.

Wenzangu wote huandika 14.0, kwa sababu kisanduku chenyewe kinaonyesha mfano wa namna hiyo. Mimi sijawahi kuweka nukta na sifuri nyuma ya namba kamili tangu nianze kazi hii. Sababu unaijua, nilikuchapa rula ya vidole kwa kosa hilo ulipokuwa ukinisaidia kuandika vibandiko vya chupa siku za likizo. Nukta ikififia, kumi na nne inasomeka mia na arobaini, na mtoto ndiye anayeinywa hiyo mia na arobaini. Kamati imesema tazama, wenzake wote wanaitumia programu miezi na miezi bila tatizo, tatizo ni huyu bibi peke yake. Hilo wamelisema mbele yangu, kwa heshima, wakiniita mama.

Programu ilinijibu mililita kumi, mara tatu kwa siku.

Sasa nitakuandikia nisilomwambia Mzee wala kamati. Nilipoliona lile jibu niliona ni kubwa. Miaka thelathini na sita nimempa mtoto wa uzito ule mililita mbili na nusu. Wiki hiyo chupa zilikuwa za kiwanda kingine, nikajiambia labda dawa hii ni nyepesi, programu inajua. Ningeweza kuigeuza chupa nikasoma maandishi. Sikuigeuza. Mkono ulisita, nakumbuka ulivyosita juu ya kile kikombe cha kupimia. Halafu nikawaza, hii ameiandika mtoto wangu mwenyewe, na mtoto wangu hakosei hesabu. Nikamimina.

Ndiyo maana nilinyamaza. Ningekwambia programu yako imekosea, ungeniuliza mimi macho yangu yalikuwa wapi, na ningelazimika kukujibu. Na barua yenye sahihi yako ilipokuja nikasema basi, kama yeye amehakikisha, labda kweli nilikosea mimi. Nilianza kuwa na shaka kama kweli niliandika 14. Nimekaa na shaka hiyo miezi miwili na nusu, nikiwa peke yangu na mapazia.

Mama wa mtoto nilikwenda kumwona wodini siku ya pili. Hakunitukana. Alinitazama tu, akahamisha kiti chake upande wa pili wa kitanda.

Hayo ndiyo yote. Usijiue kwa mawazo.

Shangazi yako


10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumamosi. Niliisoma ngazini, nikakaa ngazini.

Hukukosea. Nikueleze ilivyokuwa, kwa maneno ya watu, halafu nikwambie lililo baya zaidi.

Miaka miwili iliyopita niliandika funksheni yangu ya dozi, nikaipa jina dozi. Inapokea uzito, namba ya aina yoyote, yenye nukta au isiyo nayo. Ukiandika 14 au 14.2, zote zinafika kwangu, na jibu linakuja sahihi. Ndiyo maana hukupata tatizo miaka miwili yote na tabia yako ileile.

Februari nikaleta kifurushi cha wale wenzetu. Nilihitaji kitu kimoja tu, hesabu ya miezi. Ningeweza kukitaja hicho kimoja kwa jina nikakiacha kilichobaki. Lakini niliandika leta chote, kwa sababu ni maneno machache zaidi, na kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Ndani ya kifurushi kile kulikuwa na funksheni nyingine inayoitwa dozi. Yao inapokea umri kwa miaka, na umri wao huandikwa kwa namba kamili tu. Tangu siku hiyo wenye jina hilo tukawa wawili. Mtu akiandika 14.0, yao haiwezi kuipokea, inakuja kwangu kama zamani. Mtu akiandika 14, sote wawili tunaweza, lakini yangu inapokea namba yoyote na yao inapokea namba kamili peke yake, kwa hiyo lugha inaipa yao. Yule daktari wa meno. Mtoto wako wa kilo kumi na nne alipewa dozi ya kijana wa miaka kumi na minne. Hakuna onyo lililotokea kwenye skrini, maana kwa lugha yenyewe kila kitu kilikuwa sawasawa.

Majaribio yangu ni ishirini na tatu. Nimeyarudia yote. Kila namba niliyoweka ina nukta, hata kumi na nne yenyewe. Mimi niliyechapwa rula na wewe.

Sasa baya zaidi. Nilipokuandikia tarehe 18 kukuuliza uliandika nini, nilikuwa nimeshajua. Karatasi ya Mzee ilipofika niliifungua programu, nikajaribu tena, safari hii bila nukta, nikaona mililita kumi kwa macho yangu. Nilikwenda kwa Bwana Baadaye. Alifunga mlango. Akasema tutengeneze siku ileile, vituo viandikiwe kwamba ni marekebisho madogo, na suala la kamati tutaliangalia baadaye. Nikatengeneza. Toleo lilitoka kesho yake, hakuna mtoto mwingine atakayeguswa. Nimepitia kumbukumbu za vituo vyote tangu Februari, na aliyewahi kuandika uzito bila nukta ni wewe peke yako, siku ile moja, na mara zile nyingine uliandika namba zenye nukta kwa sababu watoto hawakuwa na kilo kamili. Nikashukuru kama mwizi.

Halafu nikaketi kukuandikia, na nilikuwa nataka uniambie kwamba ulikosea. Ndiyo maana nilikuuliza kama ulichoka. Ungesema labda, ningeshika hiyo labda nikalala nayo. Nakuambia ili usije kudhani kuna siku nilikuwa bora kuliko hivi.

Uliponiandikia kwamba mkono ulisita, na kwa nini ulimimina, sikuweza tena.

Jumatatu nimeandika barua kwa kamati. Nimeeleza yote, ule mstari mmoja, jina moja la funksheni mbili, majaribio yasiyo na namba kamili, robo saa ya chakula cha mchana, na zile wiki tatu nilizokaa kimya. Nimeambatanisha karatasi za kuonyesha. Nimetia sahihi, na nakala nimempelekea Bwana Baadaye na aliye juu yake. Kuhusu kusita kwako sikuandika hata neno, hilo ni lako. Ofisini wameniambia nikae nyumbani mpaka waitane. Baba hajui bado, anadhani nina mafua.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungenikataza. Na sikuombi unisamehe kwa barua hii, karatasi imejaa.

Mdadisi


3 Julai

Mdadisi,

Marahaba. Kwanza habari. Mzee hajambo, mboga zimeota, nyingine zimeliwa na kuku wa jirani ambaye sasa anazungumza nasi kwa adabu sana. Kadi yako ya wiki iliyopita imefika. Nimeona kwamba wamekurudisha kazini lakini wamekutoa kwenye programu ya dawa, wamekuweka kwenye mambo ya stoo. Utalia kidogo, halafu utaifanya vizuri. Mwambie baba yako kweli, mafua ya wiki tatu hayapo.

Kamati ilikaa kama ilivyopangwa. Walikuwa watu watano na meza ndefu. Mwenyekiti aliisoma barua yako kwa sauti mpaka mwisho. Alipofika kwenye funksheni mbili akasimama akauliza kama kuna anayeelewa. Ikabidi nieleze mimi. Nimewaeleza kwa yule daktari wa meno. Mmoja alikuwa akiandika.

Wakanitoa nje ya mlango wakanijadili. Niliporudishwa, mwenyekiti alisema jina langu limesafishwa, na wanasikitika. Nikaomba kusema. Nikawaambia kwamba nililiona jibu ni kubwa, nikasita, na nikamimina, na chupa sikuigeuza. Mwenyekiti akasema, "Mama, hilo hakuna aliyekuuliza."

"Najua," nikamwambia. "Liandikeni."

Wameliandika. Nimepewa onyo moja kwa maandishi na nimerudishwa dirishani mpaka Desemba. Mzee aliposikia amesema mimi ni mjinga wa kwanza kuomba onyo. Ningekubali kusafishwa kwa yale uliyoyafanya wewe huku yangu nimeyakalia, ningelalia godoro lilelile lenye siri hadi nife.

Sasa wewe. Barua yako ya tarehe 10 ilinikasirisha. Nilikaa siku mbili simsemeshi mtu. Si ule mstari, mstari mtu yeyote anaweza kuuandika akiwa na haraka. Ni kwamba ulijua, ukaniuliza kama nilichoka. Nilijiona mzee siku hiyo kuliko siku yoyote waliyoniita mama. Nakwambia kwa sababu na wewe umeniambia ya kwako. Halafu nikafikiri kwamba mimi nilikuwa na mililita kumi mkononi na sababu ya kusimama, sikusimama. Wewe ulikuwa na kimya cha kukufaa maisha yako yote, na ukasimama, umechelewa, lakini umesimama. Nakupenda, Mdadisi. Nimekusamehe, na ilinichukua siku hizo mbili.

Jumatatu nilirudi kazini. Madirisha ya dawa ni mawili, unayakumbuka, na la pili lina kijana mfamasia mwenye sauti nzuri. Karibu saa tano nikamwona mama wa yule mtoto kwenye foleni, amemshika mtoto mkono, naye anatembea kwa miguu yake. Walikuwa na cheti cha dawa ya kikohozi. Foleni ya kijana ilikuwa fupi. Nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta vibandiko, nimpe nafasi ya kwenda kule.

Nilipoinua kichwa alikuwa mbele yangu. Hakunisalimia. Alimpandisha mtoto kwenye mizani mwenyewe. Kilo kumi na tano.

"Hesabu nikisikia," akasema.

Nikahesabu kwa sauti, kwa karatasi na kalamu, kabla ya kugusa kompyuta. Alifuatisha kwa midomo. Nilipomaliza nikaigeuza chupa nikamsomea maandishi, halafu nikaandika kwenye kisanduku, jibu likalingana na langu, nikamgeuzia skrini aone. Akaniambia nirudie tangu mwanzo. Watu wa nyuma walianza kunung'unika. Nikarudia tangu mwanzo, polepole.

Akanyoosha mkono, akapokea chupa.

Shangazi yako